Kizazi au Rika?

Stima ilipotea saa mbili na nusu usiku, vikombe vya chai vikiwa mikononi. Hakuna aliyeshangaa. Mtu alicheka gizani, watoto wakakimbilia uani, nami nikaingia chumbani kupapasa begi langu nikitafuta darubini.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 1 Juni 2024. Mwaka huo sherehe za kitaifa za Madaraka zilikuja kwetu Bungoma, katika uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, na nyumba ya baba mdogo karibu na Kimilili ilijaa wageni ambao siku nyingine tunakutana nao matangani tu. Mimi nilikuwa nimefika kutoka Nakuru jana yake. Darubini yenyewe ni ya macho mawili, ya mtumba, 10x50, na kioo kimoja kina mkwaruzo niliokwisha kuuzoea kama kovu la uso wangu mwenyewe.

Mwezi haungetoka mpaka usiku wa manane uwe umepita. Upande wa kusini, juu ya mahindi ya jirani, Msalaba wa Kusini ulikuwa unaanza kuegemea magharibi, na kushoto kwake zile nyota mbili kali zinazouelekeza. Unachukua ile iliyo karibu na Msalaba, unapanda hadi nyota ya wastani iliyo juu yake, halafu unaendelea tena umbali kama huohuo. Hapo kuna kitu ambacho macho matupu huona kama nyota iliyofifia, na darubini hukionyesha kuwa si nyota.

"Shangazi, kama pamba," alisema mmoja wa watoto.

Ni Omega Centauri. Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa kale, aliiandika katika orodha yake kama nyota, na Bayer, mchora ramani za anga, akaipa herufi ya nyota mwaka 1603. Mwaka 1677 Edmond Halley, akiwa kisiwani St Helena, ndiye aliyeona kwamba mwanga ule haufanani na wa nyota. Sasa tunajua ni nyota kama milioni 10 zilizojikusanya kwa umbo la mpira, miaka ya nuru takriban 17,000 kutoka hapa uani.

Watoto wakapokezana. Mimi nikanogewa, na mtu akinogewa huongeza chumvi. Nikasema, "Na nyota hizo si za namna moja. Kuna kizazi cha kwanza, halafu kuna kizazi cha pili, kilichozaliwa kutokana na mabaki ya kile cha kwanza."

Kutoka kwenye kiti chake karibu na ukuta, mahali ambapo sikuwa nikimwona, baba mdogo akauliza: "Nani alimzaa nani?"

Nikadhani anatania.

"Kizazi kina mzazi, mwanangu. Hao wa pili, baba yao ni nani? Na kama amekufa, kaburi lake liko wapi?"

Nikasema wataalamu bado wanachunguza. Ni jibu la mtu aliyekwama, na gizani mle kila mtu mzima alilitambua.

## Fundo

Kwa Kiswahili kundi la nyota lililofungamana huitwa fundo, na neno hilo hilo ndilo la kinyongo kinachomkaa mtu moyoni. Nilirudi Nakuru Jumatatu nikiwa na mafundo yote mawili.

Sababu ya kuniuma si kwamba sikujua jibu. Sijui mambo mengi na nalala usingizi. Iliniuma kwa sababu nilikuwa nimesoma habari hizi kwa miaka kadhaa, nikitamka "kizazi cha kwanza, kizazi cha pili" kama vile ni majina ya mitaa, na sikuwahi kujiuliza swali ambalo mkulima wa miwa aliliuliza ndani ya nusu dakika.

Nianze na kile nilichodhani nakijua.

## Sodiamu

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja mjini Nakuru. Sodiamu naiona mara nyingi kuliko jina langu. Mtu mzima mwenye afya huwa na milimoli 135 hadi 145 katika kila lita ya damu. Ikitoka nje ya hapo kwa kiasi kikubwa, mtu huchanganyikiwa, hudegedege, huweza kufa. Siku hizi mashine hupima kwa umeme. Waliotufundisha walipima kwa moto: sampuli inapulizwa kwenye ndimi, sodiamu inawaka manjano, na kadiri umanjano unavyokolea ndivyo sodiamu ilivyo nyingi.

Nyota hupimwa kwa fizikia ile ile, ila kwa kinyume. Nuru yake ikitawanywa kuwa upinde wa mvua, sodiamu iliyo kwenye tabaka za juu za nyota hunyakua rangi zake na kuacha mistari ya giza. Mstari ukiwa mnene, sodiamu ni nyingi. Siku niliposoma kwamba nyota za fundo moja hutofautiana sodiamu, niliketi wima kitandani.

Maana hazikutakiwa kutofautiana. Kwa muda mrefu mafundo haya ya mviringo yalikuwa ndiyo mfano wa darasani: wingu moja la gesi, wakati mmoja, nyota zote zikapikwa kwenye sufuria moja, kitu kama miaka bilioni 12 iliyopita. Tangu miaka ya 1970 vipimo vilianza kuharibu hadithi hiyo. Kwanza nitrojeni na kaboni hazikulingana kutoka nyota hadi nyota. Baadaye ikaonekana pembea: nyota yenye sodiamu nyingi ina oksijeni kidogo, na yenye oksijeni nyingi ina sodiamu kidogo. Pembea hiyo imeonekana katika karibu kila fundo la kale lililopimwa vizuri kwenye galaksi yetu.

Chuma lakini, katika mafundo mengi, ni kile kile nyota kwa nyota.

Hilo la chuma lishikeni. Nyota kubwa ikilipuka humwaga chuma. Kama nyota za kundi la pili zingetengenezwa kutokana na masalia ya milipuko, chuma chao kingepanda. Hakikupanda. Kwa hiyo yeyote aliyechafua gesi ile aliichafua polepole, kwa upepo na kumwagika, bila mlipuko.

Na alikuwa na moto mkali. Kiini cha jua letu kina joto la nyuzi kama milioni 15. Ili uteketeze oksijeni na kugeuza neoni kuwa sodiamu unahitaji haidrojeni iungue kwa makumi ya mamilioni zaidi ya hapo. Alumini, ambayo nayo hupanda katika baadhi ya nyota hizi, hudai moto mkali kuliko huo. Nyota ndogo tunazozipima leo hazina jiko la namna hiyo.

## Mkono wenye dripu

Hapa ndipo kazi yangu ilinisaidia, na ndipo nilipoanza kuona swali la baba mdogo lilivyo na meno.

Matokeo ya sodiamu yakija ya ajabu, hatukimbilii kumwambia daktari kwamba mgonjwa ana shida. Tunauliza kwanza: damu ilitolewa wapi? Kama ilitolewa kwenye mkono wenye dripu, unachopima ni maji ya dripu. Shida inaweza kuwa ndani ya mwili, na inaweza kuwa imeingia kutoka nje. Ukikosea hapo, kila kitu kinachofuata ni kosa.

Wanaastronomia walikuwa na swali hilo hilo kwa miongo mitatu. Nyota zilizopimwa mwanzoni zilikuwa majitu mekundu, kwa sababu ndizo zenye mwanga wa kutosha. Lakini jitu jekundu ni nyota iliyozeeka, na nyota iliyozeeka hujikoroga: vitu vya ndani hupanda juu. Basi huenda sodiamu ile ilitengenezwa humo humo na kupandishwa juu, na hakuna kundi la pili wala nini. Ni uzee tu.

Mwaka 2001 Raffaele Gratton na wenzake walitumia darubini kubwa ya Paranal, Chile, kupima nyota za fundo NGC 6752 (NGC na namba ni jina la orodha ya vitu vya angani) ambazo hazijazeeka, ambazo viini vyake havina joto la kutosha na ambazo hazijaanza kujikoroga. Pembea ilikuwa pale pale. Sodiamu juu, oksijeni chini.

Dripu, kwa hiyo. Ilitoka nje.

Nyota hizo ama zilizaliwa nayo, au zililishwa zikiwa changa sana. Kumbukeni hayo mawili; nilipoyasoma mara ya kwanza niliona ni kitu kimoja, na kosa langu lote lilianzia hapo.

Miaka mitatu baadaye, Luigi Bedin na wenzake walitumia picha za Hubble, darubini iliyo angani, kuonyesha kwamba katika Omega Centauri, nyota za kawaida zinazochoma haidrojeni, ukizipanga kwa rangi na mng'ao, hazikai kwenye mstari mmoja. Zinakaa kwenye miwili. Mwaka 2005 Giampaolo Piotto na kundi lake wakapima mstari wa buluu wakakuta una chuma zaidi ya ule mwekundu, kinyume kabisa cha matarajio, kwa sababu chuma hufanya nyota ionekane nyekundu zaidi. Njia iliyobaki ya kueleza hilo ilikuwa heliamu: takriban sehemu 38 hadi 40 katika kila 100 za uzito, ambapo kawaida ni kama 25. Mwaka 2007 NGC 2808 ikatoa mistari mitatu.

Heliamu ni majivu ya haidrojeni. Mtu alipika hapo kabla, na akapika sana.

Nadhani ni wakati huo neno "kizazi" lilipokita mizizi. Ukiona majivu, unamwazia aliyewasha moto. Mimi pia ningelisema hivyo, na nimelisema.

## Mbuzi mmoja kwa wageni mia

Wiki mbili baada ya Madaraka nilikuwa nalala saa sita usiku nikisoma makala za utafiti kwenye simu. Nilikuwa natafuta kaburi.

Wagombea wa ubaba si wachache. Wa kwanza ni nyota za wastani, mara nne hadi nane uzito wa jua, ambazo uzeeni hupumua gesi polepole na kwa ndani zina moto wa kutosha. Wa pili ni nyota kubwa zinazozunguka kwa kasi hadi zinarusha gesi kiunoni. Kuna nyota kubwa mbili-mbili zinazonyang'anyana gesi na kuimwaga. Na kuna jitu la kufikirika, nyota moja yenye uzito wa maelfu ya majua, katikati ya fundo changa, ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Kila mmoja ana dosari yake kwenye kemia. Wale wa wastani, kwa mfano, wakiongeza sodiamu huwa pia wanaongeza oksijeni, kwa hiyo pembea haikai sawa mpaka uchanganye na gesi safi, na gesi safi hiyo ilitoka wapi wakati huo hakuna anayesema kwa uhakika. Lakini kilichonikalisha macho ni hesabu ya kawaida kabisa, hesabu ya matanga.

Katika fundo la kawaida, lile kundi lenye sodiamu ndilo kubwa. Kwa wastani ni kama theluthi mbili ya nyota zote. Wakati huo huo, gesi iliyopikwa ambayo kundi la kwanza linaweza kutoa ni asilimia chache tu ya uzito wake, ukikaza sana labda kumi. Hebu fikiria: watoto wana uzito mara mbili ya mzazi, na mzazi alitoa kijiko.

Kwetu ukichinja mbuzi mmoja kwa wageni mia, watu hula, lakini hakuna atakayekwambia ameshiba nyama.

Suluhisho lililopendekezwa ni kwamba kundi la kwanza lilikuwa kubwa sana, mara kumi au zaidi ya lilivyo sasa, likalisha la pili, kisha karibu lote likatoroka na kupotelea kwenye galaksi. Sawa. Basi watoro wako wapi? Kwenye galaksi yetu ni vigumu kuwahesabu, ni kubwa mno na ina kila aina ya watu. Lakini kuna galaksi ndogo, Fornax, jirani yetu, yenye mafundo yake machache. Mwaka 2012 Søren Larsen na wenzake walihesabu nyota huru za Fornax ambazo kemia yake inafanana na ya mafundo hayo. Hazitoshi. Hata ukisema kila nyota huru ya aina hiyo ilitoroka fundoni, mafundo yale hayangeweza kuwa zaidi ya mara nne au tano ya ukubwa wa sasa.

Yaani hata ukiwashika wote, mbuzi bado haenei.

Nilizima simu. Mume wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna, natafuta baba wa mtu. (Ilibidi nieleze.)

## Neno lilitoka wapi

Juni ile ya 2024 neno "kizazi" halikuwa langu peke yangu. Lilikuwa midomoni mwa nchi nzima. Vijana walikuwa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha, Nakuru kama kwingineko, na redioni kila mchambuzi alisema Gen Z hivi, Gen Z vile, kama kwamba watu wakizaliwa katika miaka inayokaribiana huwa wana damu moja. Tarehe 25 waliingia Bungeni, tarehe 26 Rais akasema hatautia saini. Siku hizo maabara yetu ilikuwa na kazi nyingi, na sitaeleza zaidi.

Nikaanza kulitazama neno lenyewe kama unavyotazama tembe usiyoijua.

Mwaka 1944 Walter Baade, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Mount Wilson juu ya Los Angeles, alichapisha kazi iliyogawa nyota katika makundi mawili. Alipata bahati ya vita: mji ulizimwa taa kwa kuogopa ndege za adui, na yeye, kwa kuwa alihesabiwa mgeni wa taifa adui, hakuchukuliwa kwenye utafiti wa kijeshi. Alibaki na darubini kubwa na giza. (Sisi giza tunaletewa bila vita, lakini tuyaache.) Alitenganisha nyota za kiini cha galaksi ya Andromeda moja moja, akaona zinafanana na zile za mafundo ya mviringo na si kama zile za jirani ya jua. Angalieni jina alilozipa: jamii ya kwanza na jamii ya pili. Jamii, kama unavyosema jamii ya watu wa mlimani. Hakusema nani kamzaa nani.

"Kizazi" lilikuja baadaye, pamoja na nadharia. Nadharia ilisema kuna wa kwanza, wakapika, wakamwaga, wa pili wakazaliwa. Neno likabeba madai yote hayo mgongoni. Na siku hizi, nilipoanza kuangalia vizuri, waandishi wengi waangalifu wamerudi kwa Baade. Wanaandika "jamii nyingi za nyota". Wengine hufungua makala kwa sentensi moja kavu kwamba wanatumia neno hilo makusudi ili wasidai umri. Nilikuwa nimezisoma sentensi hizo mara nyingi na kuziruka, kama watu wanavyoruka maandishi madogo ya mkopo.

Halafu nikakutana na NGC 1978.

Ni fundo la Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, changa kwa kulinganisha, miaka kama bilioni mbili. Nyota zake nazo zina jamii mbili kwa nitrojeni. Uchanga wake ndio faida: kwa fundo la miaka bilioni 12 huwezi kutofautisha aliyezaliwa leo na aliyezaliwa miaka milioni 50 baadaye, ila kwa fundo changa unaweza kukaribia. Mwaka 2018 Silvia Martocchia na wenzake walipima pengo la umri kati ya jamii hizo. Walipata miaka milioni moja, na shaka ya kipimo ya milioni 20 huku na huku.

Sifuri, kwa lugha ya maabara. Nyota za wastani zingehitaji makumi ya mamilioni ya miaka kabla ya kuanza kumwaga.

Sampuli moja haifanyi jibu, nami ningemfokea mwanafunzi wa mafunzo kazini angeandika ripoti kwa kipimo kimoja. Pia fundo la miaka bilioni mbili huenda si ndugu halisi wa wale wazee. Lakini nilikaa na namba hiyo muda mrefu. Nyota zenye nitrojeni nyingi na zenye kidogo, pamoja, wakati mmoja.

Hiyo si kizazi. Kwetu tuna neno la hiyo.

## Rika

Wabukusu tuna marika manane yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Likiisha la mwisho, la kwanza linarudi. Jirani zangu Wakalenjin wa Nakuru wana mzunguko wao, na baadhi ya majina yanafanana hadi unacheka: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro. Mimi ni mtoto wa kike, rika si langu, nimelijua kwa kukaa jikoni wanaume wakibishana nje. Lakini hata kutoka jikoni unaelewa: rika halimuulizi mtu nani alimzaa. Linauliza uliingia lini.

Jumapili ya mwisho ya Juni nikampigia baba mdogo simu.

"Shikamoo, baba. Nilikosea ile siku ya Madaraka."

"Marahaba. Kukosea wapi?"

"Zile nyota si vizazi. Huenda ni rika moja. Zimezaliwa pamoja, ila zinatofautiana damu."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia ng'ombe. Kisha akaanza kunieleza jambo ambalo sikuwa nalijua: kwamba yeye na marehemu baba yangu walitahiriwa Agosti moja, mwaka 1976, ingawa baba alimzidi miaka mitatu, kwa sababu baba aliugua mwaka wa zamu yake. Na kwamba kabla ya hapo yeye alikuwa amelelewa upande wa Uganda, kwa mjomba wao, akila matoke, huku baba akibaki hapa na ugali wa wimbi. "Tulisimama pamoja. Lakini ungetutazama miguu ungejua tumekula vyungu tofauti."

Sikuwa nimemwambia kwamba hiyo ni nadharia. Mwaka 2013 Nate Bastian na wenzake walipendekeza karibu hayo hayo: nyota zote za fundo zilizaliwa pamoja, lakini nyota ndogo, zikiwa bado zimezungukwa na sahani za gesi, ziliogelea katikati ya fundo na kuzoa uchafu uliomwagwa na zile kubwa mbili-mbili. Nyingine zilipita katikati, nyingine hazikupita. Hakuna baba, kuna chungu. Nadharia hiyo nayo ina matatizo yake, miongoni mwayo ni kwamba ulaji wa namna hiyo ungetoa mteremko wa kila kiwango, na si mistari iliyotengana kama ile ya NGC 2808. Lakini sikumwambia hilo. Alikuwa amefurahi.

Na mimi nilifurahi. Fundo lililegea. Kwa siku kumi nililala vizuri.

## Tarehe 10 Julai

Tarehe 10 Julai jarida la Nature lilitoa kazi ya Maximilian Häberle wa Taasisi ya Max Planck ya Astronomia, Heidelberg, na wenzake. Walichukua zaidi ya picha 500 za Hubble, za miaka 20, wakafuatilia mwendo wa nyota milioni 1.4 za fundo moja. Katikati kabisa walikuta nyota saba zinazokimbia kasi kuliko inavyostahili. Zingekuwa zimeshatoroka kama hakungekuwa na kitu kizito kinachozishika. Kitu hicho hakionekani, na uzito wake si chini ya majua 8,200. Shimo jeusi.

Fundo lenyewe ni Omega Centauri.

Nilifurahi kama shabiki, nikasoma utangulizi, na katikati ya utangulizi nikahisi joto usoni. Nilikuwa najua jambo hili! Nilikuwa najua siku zote, na nikalisahau mahali pabaya. Omega Centauri inafanana na mafundo mengine kwa umbo tu. Ni nzito kuliko yote ya galaksi yetu, na chuma chake hakilingani hata kidogo nyota kwa nyota. Kuna milipuko iliyomwaga chuma humo na gesi ikabaki kutengeneza nyota nyingine, tena na tena. Wengi wanaamini ni kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na yetu zamani, ikanyonywa nyota za pembeni, ukabaki moyo. Shimo jeusi katikati linakwenda na hadithi hiyo.

Mahali kama hapo, neno "kizazi" linaweza kuwa sawa kabisa.

Yaani usiku ule, kati ya mafundo yote ya mviringo ya galaksi, zaidi ya 150, niliwaonyesha watoto lile moja ambalo sentensi yangu ilikuwa na nafasi kubwa ya kuwa kweli. Kisha nikasoma wiki nne, nikajifunza kwamba sentensi hiyo ni mbovu kwa mafundo ya kawaida, nikapiga simu, nikasahihisha kosa ambalo huenda sikulifanya. Kama ningewaonyesha fundo la kawaida kama 47 Tucanae, ambayo kwetu huinuka kidogo tu juu ya upeo wa kusini na si wakati huo wa mwaka, simu ingekuwa na maana.

Maabarani tuna jina la hili. Kipimo ni sahihi, chupa ni ya mgonjwa mwingine.

Sikupiga simu nyingine. Niliona aibu. Nilijiambia mambo haya ni bora kuyasema ana kwa ana.

## Agosti

Mwaka 2024 ni mwaka wa shufwa, mwaka wa tohara kwetu Wabukusu, kwa hiyo Agosti nyumbani kulikuwa na njuga na nyimbo barabarani, wavulana wakikimbia kualika ndugu zao. Mjukuu wa baba mdogo alikuwa mmoja wao. Nilifika siku mbili kabla ya siku yake. Saa mbili usiku watu wakiwa bado wanaimba upande wa pili wa boma, nilimkuta mzee amekaa kwenye kiti kile kile.

Omega Centauri ilikuwa imeshuka kusini-magharibi, karibu na vichwa vya mikaratusi. Nikamweleza kila kitu: dripu, mbuzi, watoro wa Fornax, kisha galaksi iliyomezwa. Sikupunguza sehemu ya kosa langu. Alisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Kumbe huo ulikuwa mji," akasema. "Mji mzima, na watu wake, na vizazi vyao."

"Huenda, baba."

"Sasa uko kwa watu."

"Ndiyo."

"Na hizo nyingine ulizosema kwenye simu, za rika?"

"Hizo bado. Hakuna anayejua nani aliyezilisha."

Akatoa sauti ya kuridhika, kana kwamba hilo ndilo alilokuwa akingoja tangu Juni. Kisha akanyosha mkono kutaka darubini, ambayo usiku wa Madaraka aliikataa akisema macho yake ni ya kutazama ng'ombe. Akaigeuza, akauona mkwaruzo kwenye kioo kwa mwanga wa simu yangu, na kabla sijasema neno akaanza kuusugua kwa ncha ya koti lake la zamani, kwa nguvu, kama mtu anayefuta matope kwenye jembe.

Nikamwacha.